Vibanio vya nyuzi kichwani mwa gitaa la umeme: nimevitoa, nimevibadilisha, na hiki ndicho nilichobaki nacho

Niseme mapema ili asiye na muda asisumbuke: kama gitaa lako lina kichwa kilichonyooka na shingo, mtindo wa Stratocaster au Telecaster za kampuni ya Fender, na vigingi vyake (vile vya kuzungushia na kukazia nyuzi) vyote vina kimo kimoja, kibanio cha uzi wa kwanza (ulio mwembamba kuliko wote) na wa pili kiache mahali pake. Cha uzi wa tatu na wa nne ndicho cha kujadiliwa. Mimi changu nilikitoa na sijakikumbuka.

Kwa asiyevijua, vibanio ni vile vidude vidogo vya chuma, vingine umbo la kipepeo, vingine mviringo kama kifungo cha shati, vilivyofungwa kwa skrubu moja kati ya kidaraja cha juu (kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita) na vigingi vya kutyunia. Uzi unapita chini yake. Kazi yake ni kuukandamiza ushuke, ili ule mkunjo wake juu ya kidaraja uwe mkali kiasi cha kuukalisha uzi ndani ya mfereji.

Vinahitajika kwa sababu ya namna shingo zenyewe zinavyochongwa. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alitaka shingo inayotoka kwenye ubao mmoja bapa bila kupoteza mbao, kwa hiyo kichwa hakikulazwa nyuma, kilishushwa kidogo tu chini ya usawa wa shingo. Vigingi sita vimepangwa mstari mmoja, cha uzi mnene kiko karibu na kidaraja, cha uzi wa kwanza kiko mwisho kabisa. Mteremko ni uleule lakini umbali unazidi kuongezeka, kwa hiyo kufika uzi wa kwanza mkunjo umekwisha. Kampuni ya Gibson walikwenda njia nyingine: kichwa cha gitaa lao la Les Paul la 1952 kimelala nyuma digrii 17, uzi unashuka wenyewe, kibanio cha nini? (Kichwa hichohicho kilicholala ndicho hukatika gitaa likianguka chali, lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine.)

Stratocaster ilipotoka 1954 ilikuwa na kibanio kimoja tu, cha mviringo, kwa nyuzi mbili nyembamba. Umbo la kipepeo lilifuata 1956. Kibanio cha pili kilikuja kuwa cha kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hii historia naitaja kwa sababu moja: magitaa yale yaliyotangulia yalipigwa miaka mingi bila kibanio cha uzi wa tatu na wa nne, na hadi leo watu wanayagombania.

Sasa nilichokiona mwenyewe. Nilianza kwa kutoa vyote viwili. Uzi wa nne haukubadilika hata kidogo. Wa tatu ulibaki salama ilimradi niuzungushe kwenye kigingi mizunguko mitatu hivi, kila mzunguko ukikaa chini ya mwenzake, maana hapo uzi unatokea chini ya kigingi na mkunjo unaongezeka wenyewe. Uzi wa pili ulianza kupoteza nguvu ukipigwa wazi, yaani bila kukandamizwa na kidole. Wa kwanza ndio ulionipa jibu: ukiupiga wazi unatoa mlio wa kuzizima, wenye mkwaruzo kama wa sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, na ukiupiga kwa nguvu kidogo unaruka kabisa nje ya mfereji na kulala pembeni. Ukiukandamiza popote kwenye shingo mlio unakuwa safi, kwa sababu hapo kidaraja cha juu hakina kazi tena. Kwa hiyo kama unapiga solo tu juu ya shingo unaweza usione shida mpaka siku utakapopiga kodi ya E ya kawaida.

Lipo dai nimekuwa nikilisikia, eti kibanio kinaongeza mkazo wa uzi. Si kweli. Mkazo unaohitajika kufika noti fulani unatokana na unene wa uzi, urefu wake kati ya kidaraja cha juu na cha chini, na noti yenyewe, basi. Kinachoweza kubadilika ni hisia ya kidole unapouvuta uzi pembeni, kwani ule urefu wa ziada nyuma ya kidaraja nao unanyumbuka kama uzi unateleza vizuri. Tofauti ipo, lakini ni ndogo, na sidhani kama ningeitambua nikifungwa macho.

Lawama halisi dhidi ya vibanio ni msuguano. Hapo lawama ina haki, ila mara nyingi inampata asiyehusika. Kipepeo changu cha asili kilikuwa chuma cha kukunjwa, na nilipokigeuza nikakuta uzi wa kwanza umeshachimba mfereji wake kwenye ukingo, mwembamba lakini kucha inanasa. Nilipokuwa natyuni, ilisikika "tin!" na noti inaruka badala ya kupanda taratibu. Ungeapa ni kibanio. Nikakitoa, nikarudia kutyuni uzi uleule bila kibanio, "tin" ikabaki palepale, imepungua tu. Mwenye kosa kubwa alikuwa mfereji wa kidaraja, uliokuwa mwembamba kuliko uzi.

Kuna njia ya kujua uzi unakwama bila kufungua skrubu yoyote. Tyuni vizuri, kisha bonyeza mkono wa tremolo (kile chuma cha kwenye kidaraja cha chini kinacholegeza nyuzi zote kwa pamoja) mpaka nyuzi zilegee, uachie. Noti ikirudi juu kidogo ya pale ilipokuwa, uzi umeteleza kuelekea kigingini na umekwama huko. Ukiuvuta uzi kwa kidole na ukarudi chini, umekwama upande wa pili. Hapo ubonyeze kwa kidole kati ya kidaraja na kibanio: ukipona, tatizo liko kwenye kidaraja. Usipopona, bonyeza kati ya kibanio na kigingi. Mifereji nilipanuliwa na fundi, nikasugua na ncha ya penseli, na zaidi ya nusu ya kero ikaishia hapo kabla sijanunua kitu.

Nilivyonunua ni aina mbili. Ya kwanza, vibanio vyenye roli. Kwenye karatasi ni jibu kamili, uzi unabingirika badala ya kukwaruza. Nilivyopata mimi vilikuwa vya bei ya chini, roli moja haikuzunguka kabisa na nyingine ilikuwa legelege hadi ikatetemeka kwenye noti fulani. Vizuri vipo bila shaka, ila kabla ya kufunga zungusha kila roli kwa ukucha. Aina ya pili ni ya plastiki ngumu iliyochanganywa na kilainishi. Haina mvuto wa macho, nyeusi tii, lakini ndiyo iliyobaki kwenye gitaa langu. Kimya, haikwarui, na tremolo ninayoitumia kwa wastani inarudi mahali pake.

Njia ya kuachana na vibanio kabisa ni vigingi vya ngazi, yaani vile vinavyopungua kimo kadiri unavyoelekea uzi wa kwanza. Nimevipiga kwenye gitaa jingine na vinafanya kazi, hasa vikiwa vya kufunga uzi kwa skrubu. Strat Plus ya Fender ya 1987 ilitoka kwa wazo la namna hiyo, bila kibanio, pamoja na kidaraja cha roli. Kama unabadilisha vigingi hata hivyo, chukua vya ngazi. Kununua seti nzima kwa ajili ya kukwepa kipande kimoja cha plastiki, mimi sioni.

Wenye Floyd Rose (tremolo ambayo nyuzi zake hukazwa kwa skrubu kwenye kidaraja cha juu) msiguse ule upau ulio nyuma ya kidaraja cha kufunga. Pale nyuzi lazima zilale bapa kabla hujakaza, la sivyo kila ukikaza tyuni inapanda.

Mkibadilisha, legezeni nyuzi kwanza, pakeni skrubu nta kidogo, na msikaze hadi kibanio kigandamane na mbao. Uzi ukishakaa kwenye mfereji na mlio wa wazi ukawa safi, mkunjo unatosha. Mimi niliongeza washa nyembamba (kile kipete bapa cha skrubu) chini yake kuupunguza, na bado uzi wa kwanza haujaruka.