Rauta ya kukodi au ya kwako mwenyewe? Tunaipima Ngamiani

Assalaam aleykum, habari za saa hizi, karibuni tena. Mkisikia pikipiki na watoto humo ndani msishangae, tupo Ngamiani, Barabara ya 12, na maiki yangu mpya haichagui, inabeba kila kitu. Nayo ina video yake, tulieni.

Leo nina hili boksi jeupe hapa. Huawei B535, rauta ya laini ya simu. Nimeinunua kwa pesa yangu, hakuna kampuni iliyonitumia, na nimekuja nimeudhika, kwa hiyo mnivumilie.

Niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya kukodi. Kampuni siitaji, huku mitaani tunajuana. Shilingi 15,000 kila mwezi ni za kifaa. Bando lake kando! Sasa piga hesabu, mwaka ukiisha umeshatoa 180,000, na boksi si lako. Ukisema basi, unaambiwa ulirudishe na chaja yake na katoni lake. Katoni! Nani anatunza katoni jamani? Hii nimeipata kwa 180,000 hiyo hiyo, imetumika lakini haina mchubuko. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, sawa, lakini hayo ni ya wageni, si ya kifaa nilichokilipia mwaka mzima.

Sifa zake mnazijua, zipo kwenye kila tangazo. 4G, megabiti 300 kwa sekunde kwa maneno ya kwenye katoni, Wi-Fi ya gigahetzi 2.4 na ya 5, matundu manne ya waya nyuma. Hiyo 300 isahau, ni kipimo cha maabara. Mimi kilichonifanya niwashe kamera ni kitu kimoja tu, na kwenye ile ya kukodi nilikuwa nimefungiwa nisikione.

Njooni karibu na simu yangu. Nimeshaunganisha Wi-Fi ya rauta. Kwenye kivinjari naandika 192.168.8.1. Hapo. Inataka nenosiri, lile la mwanzo limeandikwa chini ya boksi, na ukishaingia badilisha papo hapo, kwa sababu fundi aliyekuuzia naye analijua. Naingia kwenye taarifa za kifaa. Mnaona hizi herufi? RSRP, halafu SINR. Ya kwanza inakwambia sauti ya mnara inakufikia kwa nguvu gani. Ya pili inakwambia hiyo sauti ni safi au imechanganyika na makelele. RSRP inaandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. Hasi 80 unasherehekea. Hasi 90 na kitu unaishi vizuri. Ukivuka hasi 100 unaanza kuhangaika. SINR nayo tunataka namba kubwa, ikifika 13 kwenda juu hapo shwari, ikishuka chini ya sifuri funga duka.

Sasa hapa nilipo ni sebuleni, pembeni ya tivii, pale pale fundi wa kampuni alipoiweka ile ya kukodi, akapiga picha, akaondoka. Someni wenyewe. RSRP hasi 108. SINR 2. Nikipima kasi... ngoja izunguke... megabiti 6. Sita! Na mimi nilikuwa napiga simu huduma kwa wateja naambiwa zima, subiri dakika tano, washa.

Naichomoa, twende nayo. Nyumba yetu hii ni ya Kiswahili kabisa, korido katikati, vyumba huku na huku, uani kule nyuma, bati juu. Bati ni adui, kaeni mkijua, na ukuta mnene naye hana urafiki. Bibi, samahani, napitisha ekstensheni hapo mlangoni. "Pitisha, ila usiniangushie birika." Siangushi bibi yangu. Haya, hiki ni chumba cha mbele, dirisha linatazama barabarani. Naiweka juu ya kabati, naichomeka, nasubiri taa ya mtandao iwake. Nafungua tena ukurasa. Hasi 91! SINR 14! Laini ile ile, bando lile lile, boksi lile lile, hatujafika hata hatua kumi. Kasi sasa... 34. Mnaona wenyewe.

Ngoja niisogeze kidogo tu, nataka mwone kitu. Nikiisukuma ikae nyuma ya hii nondo ya dirisha, hasi 95. Nikiirudisha kushoto kidogo, 91. Yaani upana wa kiganja unabadilisha namba. Msiiweke juani tu, jua la Tanga la saa nane mnalijua, litaikaanga. Nyuma ya pazia, kwenye kivuli, inapumua.

Hapo ndipo ninapoikasirikia ile ya kukodi. Siyo kwamba ilikuwa mbovu, huenda hata ndani zilikuwa sawasawa na hii. Ila ukurasa huu walikuwa wameufunga kwa nenosiri lao. Nimelipia gari, halafu dashibodi imefunikwa kwa gazeti. Nilikuwa nalaumu bando, namlaumu jirani, kumbe tatizo ni kabati la tivii.

Kuna jambo lingine nalo, na hili wauzaji hawalisemi. Ukifungua hapa saa mbili usiku ukakuta RSRP nzuri, SINR nzuri, lakini intaneti inatambaa, usinunue rauta mpya. Mnara umejaa. Watu wote wako kwenye tamthilia. Hapo dawa ni kubadilisha laini, na ndiyo faida ya boksi lisilofungwa mtandao mmoja. Wiki hii natia Halotel, ikinichosha natia Airtel, au Vodacom, au Yas, ile Tigo ya zamani. Mtaa wako una mnara wa nani karibu, huyo ndiye wako. Aliyeko Raskazone na aliyeko Mikanjuni hawawezi kupewa jibu moja.

Lakini nisiwe mkali sana. Vifurushi vya nyumbani visivyo na kikomo mara nyingi vinakuja na kifaa cha kampuni, na laini yake ukiitoa ukaitia kwenye boksi lako inaweza ikagoma. Uliza kabla ya kutoa pesa. Kama nyumbani mko wengi, watoto wanakesha kwenye katuni, bando la giga za kuhesabu litakufilisi, na hapo mimi mwenyewe nitakwambia kodi tu, mwanangu. Na kama umekuja kusoma Tanga mwaka mmoja unaondoka, kodi pia. Basi mwanzoni nilisema nimeudhika, hapa katikati naona hasira inapungua. Haijaisha.

Kuna mtazamaji wetu yuko Marekani, kaniandikia kule kwao kodi ya modemu nayo inauma. Ndugu yangu, ya kwenu ni nyingine, mnatumia modemu ya waya wa tivii, teknolojia inaitwa DOCSIS. Usinunue yoyote, angalia kwanza orodha ya modemu ambazo kampuni yako inazikubali. Ukishaweka ya kwako, sheria iliyoanza kutumika Desemba 2020 inawakataza kukutoza kodi ya kifaa ambacho hawakukupa. Soma bili yako vizuri. Wajerumani nao, tangu Agosti 1, 2016, mteja ana haki ya kutumia rauta yake mwenyewe. Wajerumani hao hao walioanza kutandika reli hapa Tanga 1893! Reli walituletea mapema, hii nyingine bado tunaingoja.

Wa faiba mnauliza kila siku. Kile kiboksi cha kampuni kinachopokea waya wa kioo msikinunue mtaani, kinasajiliwa upande wao, cha kwako hakitatambulika. Kiacheni. Nunueni rauta ya Wi-Fi, muichomeke nyuma yake kwa waya. Hata hii B535 ina tundu la kazi hiyo.

Na zile maifai, rauta ndogo za mfukoni zenye betri? Kwa safari ya Lushoto sawa. Kwa nyumba hapana. Antena ndogo, betri inavimba, inachemka kama imeonewa.

Mkienda kununua iliyotumika, tieni laini mbili za mitandao tofauti pale pale dukani, zote zishike. Ikishika moja tu, imefungwa, usikubali lile neno "nitaiflashi kesho", yaani atakufungulia baadaye. Kisha geuza boksi, chukua namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa kifaa, itume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni kifaa gani. Jibu likisema simu ya tochi na wewe umeshika rauta, mrudishie. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivyozima simu feki, watu walilia. Chaja nayo isome volti 12. Hiyo volti 12 ndiyo raha yake nyingine, maana kuna betri ndogo za rauta zinauzwa, umeme ukikatika intaneti haishtuki. Mimi bado sijanunua, nikichangiwa nitanunua, namba mnayo.

Nyuma hapa kuna kifuniko, ukikifungua kuna matundu mawili ya antena ya nje. Nimeagiza antena ya kupandisha juu ya bati, video ijayo tunapanda wote tuone ile hasi 91 inafika wapi. Nadhani hasi 80 tunaipata. Anayebisha aandike namba yake hapo chini, na mtaa wake, ila msiniandikie "inategemea". Bibi anauliza nani atapanda juu ya bati lake. Hilo tutaongea, bibi.