Alcobaça na Batalha kwa siku moja: nyota mbili kwa msafara, tano kwa makaburi

Nianze na lawama niimalize mapema. Alcobaça na Batalha ni nyumba mbili za wamonaki huko Ureno, zenye makaburi ya wafalme. Nilikata tiketi ya msafara wa siku moja kutoka Lisbon, basi dogo la watu kumi na wanne, kampuni sitaitaja. Asubuhi tukapelekwa Batalha, kisha tukaingizwa kwenye duka la vyombo vya udongo, tukakaa humo saa nzima, na Alcobaça tukapewa dakika 40. Lakini hata wangenipa saa tatu ningelalamika, maana hadithi waliianzia mkiani. Batalha amelala mwana, mfalme João, Alcobaça amelala baba, na kati yao ni kama kilomita 20 tu. Usipomjua baba, kaburi la mwana ni mawe mazuri, basi.

Baba ni Pedro wa Kwanza, mfalme wa Ureno. Kabla hajawa mfalme aliozwa Constança kutoka Castile, ufalme jirani ambao leo ni sehemu ya Uhispania, na katika msafara wa bibi harusi akaja Inês de Castro, binti wa ukoo mkubwa wa Galicia. Nyumba ndogo ikawa nyumba kubwa. Constança akafariki, kaka zake Inês wakazidi kusikilizwa, na mzee Afonso wa Nne, baba yake Pedro, akaona kiti cha enzi kinanyemelewa. Tarehe 7 Januari 1355 Inês akauawa Coimbra kwa amri yake. Pedro aliposhika ufalme mwaka 1357 aliwasaka wauaji. Wawili alirudishiwa kutoka Castile, wakang'olewa mioyo, mmoja kwa kifuani, mwingine kwa mgongoni.

Sasa ingia Alcobaça. Kanisa ni refu, jeupe, tupu. Wamonaki wa Cistercian, shirika la watawa wa Kikatoliki, hawakutaka mapambo, kwa hiyo macho hayana pa kwenda ila mbele. Karibu na madhabahu, Pedro yuko upande wa kulia na Inês kushoto, nyayo zikielekeana, ili siku ya kiyama wakiinuka, ndivyo watu wasemavyo, kila mmoja amwone mwenzake kwanza. Mimi nilichuchumaa. Kaburi la Pedro limebebwa na simba. La Inês limebebwa na viumbe vyenye nyuso za watu na miili ya wanyama, na inasemekana hao ndio wauaji wake, wametwishwa mzigo wao. Askari wa Napoleon waliyavunja makaburi haya, na majeraha bado yanaonekana.

Lakini cha kutazama ni taji lililo kichwani mwa Inês, kana kwamba alikuwa malkia. Mwaka 1360, huko Cantanhede, Pedro alitangaza kwamba alimwoa kwa siri. Lini? Yapata miaka saba nyuma. Siku na mwezi hakuvikumbuka. Wanawake wenzangu, mwanamume asiyekumbuka hata mwezi wa ndoa yake nawaachia wenyewe.

Mtembezaji wetu hakuligusa hilo. Dakika kumi nzima alisimulia maiti ya Inês ilivyoketishwa kwenye kiti cha enzi, makabaila wakapanga foleni kuubusu mkono wake. Tamu, ila ni ngano iliyozuka baadaye. Fernão Lopes, aliyeandika habari za Pedro katika karne iliyofuata, haisimulii.

Na ndoa hiyo ya siri ndiyo mlango wa kwenda Batalha. Mwaka 1383 mfalme Fernando, mwana wa Pedro kwa Constança, alifariki bila mtoto wa kiume, na binti yake alikuwa mke wa mfalme wa Castile. Wareno wasiotaka kumezwa wakamtazama João, mkuu wa shirika la kijeshi la Avis, naye mwana wa Pedro, ila kwa mwanamke mwingine kabisa. Shida ni kwamba wana wa Inês walikuwa hai. Kwenye baraza la Coimbra mwaka 1385, mwanasheria João das Regras akaibomoa ile ndoa: haikuthibitika, kwa hiyo wana wa Inês ni watoto wa nje, sawa na João wa Avis. Kama wote ni wa nje, baraza lina haki ya kuchagua. Likamchagua João. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo akawashinda Wakastilia pale Aljubarrota, na kwa shukrani akaanza kuijenga Batalha.

Yaani jengo lote lile limesimama kwa sababu taji la Alcobaça lilikataliwa. Sisi tulishaliona jengo kabla ya taji. João amelala hapo na mkewe Filipa wa Lancaster, wameshikana mikono, ndoa yao haina utata wowote, na wana wao wamepangwa ukutani, Henrique Baharia akiwemo.

Ukienda, kodi gari, anza Alcobaça mapema, na usilipite haraka jiko la wamonaki, lenye dohani kubwa la vigae. Mimi sikulimaliza. Nilikuwa kwenye kaburi la Pedro nikiyatafuta maneno yaliyochongwa pale, "mpaka mwisho wa dunia", mtembezaji akapiga makofi mlangoni: zimebaki dakika mbili.