Kulala ndani ya Disney au nje: hesabu za dereva wa lori

Mama ndiye aliyewaona kwanza. Asubuhi na mapema, kanga begani, kikombe cha chai mkononi, amesimama kwenye baraza ya chumba chetu, akaniita kwa ile sauti anayoitia mtoto aliyeacha zizi wazi. "Njoo uone. Hawa si wa kwetu hawa?" Chini, hatua chache tu kutoka ukutani, ng'ombe wanne wa Ankole walikuwa wanakula majani, pembe zao ndefu zinapishana hewani. Mama ametoka Karagwe. Amepanda ndege, amebadilisha ndege, amevuka bahari, halafu anaamka Florida kuangalia ng'ombe. Aliwakagua mmoja mmoja bila haraka. "Wamenona," akasema. "Lakini hawa hawajawahi kupelekwa mtoni."

Hapo ni Kidani Village, upande wa pili wa Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyo ndani ya Walt Disney World, lile eneo la bustani nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Usiku tatu kabla ya huo tulikuwa nje, kwenye nyumba ya kukodi Davenport, mji wa jirani. Hatukupanga kufanya majaribio. Mimi na mke wangu tulibishana wiki nzima, yeye anataka ndani, mimi nataka nje kwa sababu ya bei, mwishowe tukagawana: usiku tatu za kwangu, usiku mbili za kwake. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekilipia pande zote mbili, Aprili 2025, wiki ambayo shule za kwetu Georgia zilifungwa.

Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, mama, wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8, na mdogo ambaye hajatimiza mitatu. Umri una maana pale getini. Aliye chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi, wa 3 hadi 9 analipa ya mtoto, na akishafika 10 huyo ni mtu mzima, hata kama bado anataka kubebwa.

Na mimi ni dereva wa lori. Mkumbuke hilo mpaka mwisho, maana hukumu yangu yote imekaa hapo. Wiki nzima naendesha. Nikipata likizo, kitu cha mwisho ninachotaka kukiona ni taa za breki.

Kutoka kwetu Clarkston mpaka Davenport ni kama maili 450, I-75 moja kwa moja halafu Turnpike, barabara ya kulipia. Kibandiko chetu cha malipo cha Georgia, Peach Pass, kinasomeka na Florida, kwa hiyo usihangaike na chenji. Kwenye buti tulikuwa na unga wa ugali, mchele, viungo vya pilau, na sufuria ya mama ambayo haiamini sufuria za watu. Hiyo ndiyo raha ya nyumba. Vyumba vinne, jiko kamili, mashine ya kufulia, bwawa dogo nyuma. Usiku wa kwanza tulipiga ugali na samaki, watoto wakalala mapema kila mmoja kwenye kitanda chake, na nikamwambia mke wangu, unaona?

Nilifurahi mapema mno. Tangazo la ile nyumba lilisema dola 185 kwa usiku. Mara tatu, 555. Kisha ada ya usafi 195. Ada ya huduma ya mtandao niliokodia, 105. Kodi, 90. Na bwawa? Bwawa lilikuwa baridi kama mto wa Juni kule kwetu. Kulipasha moto ni dola 30 kwa siku, na hawakubali chini ya siku tatu. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea, wananiangalia. Nikalipa. Jumla 1,035, yaani usiku mmoja umenisimamia 345 na wala si 185. Ukichungulia matangazo ya nyumba za Davenport, Kissimmee na ChampionsGate, usisome ile namba kubwa ya juu. Bonyeza mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo ndipo ulinganishe. Na siku ya kuondoka tulikuta karatasi kwenye friji: toa mashuka, anzisha mashine, peleka taka, osha vyombo. Sasa ile 195 ilikuwa ya kumwosha nani?

Lakini pesa ningeisamehe. Kilichonichosha ni barabara.

Tangazo lilisema "dakika 15 kutoka Disney". Sikatai, dakika 15 zinakufikisha kwenye eneo la Disney. Shida ni kwamba eneo lenyewe ni eka kama 25,000, na bado hujaona hata mlango wa bustani. Jumatatu ilikuwa siku ya Magic Kingdom. Tulifunga mlango wa nyumba saa moja na dakika kumi. US 27, kisha I-4, na pale ChampionsGate naijua foleni yake hata nikiwa na trela, sikudanganywa na ramani. Ukifika unalipa maegesho, wakati ule dola 30. Unapanda kigari cha kuvuta mpaka kituo kikuu. Huko bado hujafika, maana kati yako na Magic Kingdom kuna ziwa. Unakaguliwa begi, unachagua: monoreli au kivuko. Kigari cha mtoto unakikunja, unakikunjua, unakikunja. Mama alichagua kivuko, akasema kinamkumbusha kile cha Kigongo kule Mwanza. Tulikanyaga Main Street, mtaa wa kuingilia bustani, saa tatu kasoro dakika kumi. Saa moja na dakika arobaini tangu mlangoni kwetu, na waliolala hoteli za ndani walikuwa wameshaingia tangu saa mbili na nusu.

Hiyo nusu saa ndiyo zawadi ya waliolala ndani: kila siku, bustani yoyote kati ya zile nne, wanatangulia dakika 30. Nikiwa kwenye kochi nyumbani niliiona ni danganya toto. Pale getini niliona maana yake. Foleni ya mchezo wa Seven Dwarfs Mine Train tulipoifikia ilikuwa imeshajikunja, na wale waliotangulia walikuwa wanatoka wanacheka. Kuna na jingine: aliyelala ndani anaruhusiwa kununua na kupanga nafasi zake za Lightning Lane, ile foleni fupi ya kulipia, siku saba kabla ya kuanza kukaa, wa nje anasubiri zibaki siku tatu. Wiki ya shule kufungwa, hizo siku nne si mchezo.

Kitu kilichonishinda kabisa ni saa saba mchana. Mdogo amechoka, analia, amekataa maji, amekataa kila kitu. Aliyelala ndani anapanda basi, mtoto analala saa mbili kitandani, jioni wanarudi wazima. Sisi tungerudi Davenport? Kivuko, kigari, I-4, halafu yote tena? Tulikaa kivulini, mke wangu anampepea kwa kipeperushi, mama anaimba, mimi napiga hesabu ya mafuta.

Niwe mkweli, siku ya EPCOT, Jumapili, haikuwa hivyo. EPCOT unaegesha mbele ya mlango, unatembea, umeingia. Hollywood Studios na Animal Kingdom ni vilevile. Ni Magic Kingdom tu yenye ziwa katikati. Kama watoto wako ni wakubwa na mpango wako ni hizo tatu zaidi, gari si adui yako.

Na chakula kilitukomboa. Disney hawakatazi uingie na chakula chako, alimradi hakuna chupa za glasi wala pombe. Tulibeba chapati zilizokunjwa na mayai, matunda, na chupa za maji za plastiki. Watu sita kula mchana bustanini ni pesa ambayo sitaki kuitaja mbele ya mama.

Jumanne tukahamia Kidani. Sasa, bei yake: ukienda kulipa kawaida, chumba cha aina ile kinapita dola 1,000 kwa usiku, na hapo ningesema hapana na mazungumzo yakaishia hapo. Tulichofanya ni kukodi pointi za mwanachama wa Disney Vacation Club, mtu aliyenunua haki ya kukaa na mwaka huo haendi. Pointi 78 kwa dola 20, jumla 1,560 kwa usiku mbili. Hakuna kilichoongezwa juu yake. Hatari yake ni kwamba ukishalipa ni vigumu kurudishiwa, kwa hiyo usifanye hivyo kama likizo yako kazini haijapitishwa. Tulipata chumba kimoja cha kulala na sebule, jiko kamili, mashine ya kufulia, na vyoo viwili. Kinalaza watano, na mtoto wa chini ya miaka mitatu kwenye kitanda chake hahesabiki. Tulitosha kama viatu vya kupimwa. Vyumba vya kawaida vya hoteli pale huishia watu wanne, na hapo ndipo familia zetu hukwama. Kama unataka ndani kwa bei ya chini na mpo sita, angalia vyumba vya familia vya All-Star Music au Art of Animation. Art of Animation na Pop Century wana vigari vya kamba ya juu, Skyliner, vinavyokwenda EPCOT na Hollywood Studios bila kusubiri basi.

Usiku 780 dhidi ya 345. Toa maegesho ambayo ndani hulipi, tofauti ni dola 405. Kwa dola 405 nilinunua nini?

Nilinunua funguo za gari kukaa kwenye droo. Tangu Jumanne saa kumi mpaka Alhamisi asubuhi sikugusa usukani. Jumatano tulishuka kituoni, basi likaja, dakika chache tuko Animal Kingdom na mageti ya mapema yamefunguliwa. Wa kwanza na mama yake wakakimbilia mchezo wa Flight of Passage, wa pili kimo chake kilikuwa kinaruhusu kwa sentimita mbili akapanda naye, mimi nikabaki na mdogo na mama. Saa sita mchana tulikuwa chumbani. Mdogo alilala. Mimi nililala! Saa kumi tukarudi bustanini kama watu wapya.

Mama alikuwa na burudani yake nyingine, kusoma vibao. Hoteli imejaa Kiswahili. Jambo House, Jiko, Boma, Sanaa, bwawa la Samawati, bwawa la Uzima. "Kidani" alikitafsiria wajukuu kwa kugusa shingo yake. Kule bustanini kuna kijiji kinaitwa Harambe, kimejengwa kwa kuigiza miji ya pwani kama Lamu, kuta zimechakazwa makusudi, matangazo ya rangi yamebanduka makusudi. Mama aliuliza kwa nini hawapaki rangi. Kwenye gari la Kilimanjaro Safaris dereva alitusalimia "Jambo!" na mama akamjibu kwa salamu kamili, za nyumbani, za mifugo, mpaka twiga wakapita hatujawaona vizuri.

Boma, mkahawa wa Jambo House (jengo jingine la hoteli yetu), ni wa kujipakulia, kama dola 60 kwa mtu mzima usiku. Ni ghali. Lakini supu ni tamu, nyama ni laini, na kuna vitindamlo vya mviringo vyenye milia ya pundamilia. Mama alikula vitatu. Yeye ni mlokole wa Kilutheri tangu kabla sijazaliwa, na mimi ndipo nikasoma kwamba ndani mna pombe ya Amarula kidogo. Sijamwambia. Yeyote atakayempelekea mama habari hizi tutagombana.

Kasoro ya upande wa ndani ni kwamba Animal Kingdom Lodge iko pembeni. Hakuna monoreli, hakuna Skyliner, ni basi tu, na Magic Kingdom iko kona ya pili ya eneo. Faida yake ni kwamba mabasi ya hoteli yanakushusha mbele ya geti la Magic Kingdom, ziwa unalizunguka kwa barabara. Ukitaka kutembea kwa miguu hadi Magic Kingdom, lala Contemporary, na ujiandae kwa bei.

Ningerudia vipi? Usiku wa kuwasili na siku za kupumzika, nje: sufuria ya mama, bwawa (bila kulipasha moto, waogope baridi), na mashuka naanua mwenyewe. Siku za Magic Kingdom na mtoto wa umri ule, ndani, hata usiku mmoja. Mke wangu anasema hiyo ni kumaanisha kwamba alishinda. Sikujibu.

Binamu yangu wa Minneapolis amenipigia wiki iliyopita. Wanakuja Desemba, wao wanane, sisi sita, na ameshaona nyumba ya vyumba saba huko huko Davenport, ukigawanya kwa kichwa ni bei ya soda. Hesabu yake ni sahihi kabisa, nimekubali. Ila nimemwambia akodi gari kubwa na aandike jina lake kwenye karatasi za dereva, mimi nitakaa nyuma na mama.