Vifaa vya kupima kortisoli kwa mate: kichupa cha usiku ndicho chenye kazi

Ndani ya boksi mna vichupa vinne vya plastiki, kila kimoja na kipande chake cha pamba, stika za kuandikia saa, fomu na bahasha ya kurudishia maabara. Linauzwa kwa ahadi kwamba utajua kama kitambi chako kimeletwa na msongo wa mawazo. Kupima kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa zaidi wakati wa msongo, linaweza. Hilo la kitambi ni maneno ya wauzaji.

Kupima mate si ubabaishaji. Takribani asilimia 90 ya kortisoli iliyomo kwenye damu imeshikwa na protini, haifanyi kazi. Inayopenya hadi kwenye mate ni ile iliyo huru. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huonekana na kortisoli nyingi kwenye damu, kumbe kilichoongezeka ni protini hizo.

Vipimo huharibikia nyumbani. Kichupa cha kwanza ni cha kitandani, jicho likifunguka tu. Kortisoli hupanda kwa kasi na kufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kwa hiyo ukiamka, ukaoga, ndipo ukakumbuka pamba, umepima kitu kingine. Ukikuta maelekezo yanasema “asubuhi” bila zaidi, andika mwenyewe saa uliyoamka na saa uliyochukua mate. Usile, usinywe wala usipige mswaki nusu saa kabla: damu ya fizi ikichanganyika na mate, namba hupanda bure. Pamba usiishike kwa vidole, hasa kama unapaka krimu ya haidrokotisoni, kwani hiyo ni kortisoli yenyewe. Sigara na pipi za mizizi ya likorisi nazo huvuruga majibu.

Tuseme umefanya yote sawasawa na namba zimerudi za kawaida. Je, msongo hauhusiki na unene wako? Hapana, huwezi kusema hivyo. Dakika za mwanzo za msongo hukata hamu ya kula: homoni ya CRH na adrenalini hufunga njaa, ndiyo maana aliyepata mshtuko chakula hakimpiti. Kortisoli hufuata nyuma, na msongo ukidumu mambo hugeuka: mtu hutamani vitamu na vya mafuta, insulini hupanda, na mafuta hupendelea kukaa ndani ya tumbo, ambako seli zake zina vipokezi vingi vya kortisoli. Ongeza usiku wa kulala kwa muda wa saa nne tu: grelini inayoleta njaa hupanda, leptini inayoleta shibe hushuka. Boksi halipimi hata moja kati ya hizo mbili. Mtu anaweza kula kwa msongo miezi na miezi, na vichupa vyote vinne visioneshe kasoro.

Kichupa cha nne ndicho kinachookoa bidhaa hii. Karibu na saa 6 usiku kortisoli inatakiwa iwe chini kabisa. Ikiwa juu usiku mbili tofauti, nenda kwa daktari, hasa kama una michirizi ya zambarau tumboni, ngozi inayovia damu kwa kuguswa kidogo, au mapaja yanayoshindwa kukuinua kitini. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa Cushing, yaani kortisoli kuzidi mwilini kwa muda mrefu. Daktari atakupa miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ambayo kwa kawaida hushusha kortisoli, saa 5 usiku na kupima damu asubuhi, au atakusanya mkojo wa saa 24. Wafanyakazi wa zamu za usiku wasijisumbue na kichupa hiki. Saa ya miili yao imeshahama.

Majibu yakija, tazama kipimio kabla ya kulinganisha: mikrogramu kwa desilita huzidishwa kwa 27.6 kupata nanomoli kwa lita. Na ikiwa ripoti inakuuzia vidonge vya “kushusha kortisoli”, jua aliyekupima ndiye mwenye duka.