Disneyland au California Adventure? Siku moja, familia nzima, geti lipi?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo tunaamua jambo moja tu. Mmefika Anaheim, kule California, mko na familia nzima, siku mliyonayo ni moja, na mbele yenu kuna mageti mawili yanayotazamana. Huku Disneyland Park, kule Disney California Adventure, bustani mbili za michezo ya kupanda za kampuni ya Disney. Katikati ni uwanja wa wazi tu, mnauvuka kwa dakika mbili mkiwa mnasukuma kigari cha mtoto. Mnaingia wapi?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya pesa. Tiketi ya siku moja kwa bustani moja ina bei ileile upande wowote mtakaochagua. Bei inabadilika kufuatana na tarehe, lakini kwa mtu mzima wekeni akilini zaidi ya dola 100 kwa kichwa. Watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapunguziwa kidogo tu, walio chini ya miaka 3 wanaingia bure. Familia ya watu watano inaacha pesa nyingi pale getini kabla haijanunua hata maji. Kwa hiyo bei haitawasaidia kuchagua. Kuna kitu kingine kinachochagua, na ndicho ninachotaka mkishike leo: kimo cha mtoto wenu mfupi kuliko wote.

Mpimeni kabla hamjanunua tiketi. Nasema kwa moyo wote, chukueni futi, msimamisheni ukutani, andikeni namba. Kama yuko chini ya sentimita 102, nendeni Disneyland. Kama watoto wote wamevuka 122 na wanapenda kasi, California Adventure itawapa siku nzuri mno. Walio katikati ya namba hizo mbili, tulieni, nawafikia.

Kwa nini 102? Kwa sababu ndicho kimo kilichowekwa kwenye michezo mingi mikubwa ya bustani zote mbili. Mlangoni kuna kipimo, na mhudumu habembelezwi. Ni suala la usalama, mkanda wa kiti lazima umshike mtoto sawasawa. Watoto wengi hufikia kimo hicho karibu na umri wa miaka minne, lakini umri hauulizwi, kinachopimwa ni urefu.

Sasa tazameni California Adventure kwa macho ya mtoto mwenye sentimita 98. Radiator Springs Racers, mchezo unaopendwa kuliko yote mle ndani: 102. Guardians of the Galaxy, ule mnara unaowadondosha watu: 102. Soarin', ambapo viti vinaning'inia mbele ya skrini kubwa na unajiona kama unapaa: 102. Grizzly River Run, boya linalozunguka kwenye maji ya kasi: 107. Goofy's Sky School, kigari cha reli chenye kona kali: 107. Incredicoaster, treni ya kasi inayopinduka: 122. Yaani karibu kila kitu mlichokiona kwenye picha, kilichowafanya mtake kwenda, mtoto huyu atakitazama kutoka nje.

Anabaki na nini? Toy Story Midway Mania, ambapo mnavaa miwani na kulenga shabaha. Huu ni mzuri sana na hauna kimo, babu na mjukuu wanashindana sawa kwa sawa. Kuna safari ya Little Mermaid, kuna WEB SLINGERS ambapo mnarusha utando wa buibui kwa mikono mitupu, kuna farasi wa kuzunguka wa Jessie. Akiwa na sentimita 81 anaingia pia kwenye matrekta ya Mater na magari ya Luigi yanayocheza dansi. Si haba. Lakini kwa siku nzima, kwa bei ileile ya upande wa pili, hapana. Mchana utamkuta mtoto ameshapanda karibu vyote vinavyomruhusu, na nyinyi mnaanza kumrudisha kwenye vilevile.

Hili lina historia yake. California Adventure ilifunguliwa tarehe 8 Februari 2001, mahali palipokuwa maegesho ya magari ya Disneyland. Tangu mwanzo ililalamikiwa kwamba watoto wadogo hawana cha kufanya, na mwaka 2002 wakaongeza eneo lao, A Bug's Land. Eneo hilo likafungwa 2018, na pale palipokuwa pa wadogo pakajengwa Avengers Campus, eneo la mashujaa wa filamu za Marvel, lililofunguliwa Juni 2021. Mimi naipenda Avengers Campus, vijana wanaifurahia kupita kiasi, ila mwenye mtoto wa miaka mitatu ajue kwamba bustani hii imekuwa ikisogea upande wa wakubwa.

Vukeni uwanja sasa, twende Disneyland. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao, akawaza kwamba pangekuwepo mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja badala ya mmoja kumtazama mwenzake. Akaifungua tarehe 17 Julai 1955. Na ukiingia leo, wazo hilo bado unaliona kwenye namna michezo ilivyopangwa.

Ndiyo, vipimo vipo hata huku. Space Mountain, Big Thunder Mountain, Star Tours, Tiana's Bayou Adventure na Rise of the Resistance, yote ni 102. Matterhorn 107. Indiana Jones 117. Lakini hebu yaondoeni yote hayo, halafu hesabuni kilichobaki kwa yule mtoto wa sentimita 98. Peter Pan's Flight, mashua inayopaa juu ya taa za London usiku. Dumbo. Alice. Treni ya Casey Jr. Mashua ya Jungle Cruise. Mickey & Minnie's Runaway Railway, iliyofunguliwa Januari 2023, ambayo kwangu ndiyo mchezo mpya bora zaidi kwa familia yenye umri mchanganyiko. Buzz Lightyear. Nyambizi za Nemo. It's a small world, iliyoanzia kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 kabla ya kuhamishiwa hapa 1966. Pirates of the Caribbean ya 1967, Haunted Mansion ya 1969. Yote hayo mtoto anapanda akiwa katikati ya baba na mama, hakuna anayebaki nje akishika mifuko. Na akiwa na hiyo 98 anaruhusiwa hata Smugglers Run, maana pale kimo ni 97 tu, na anaketi kwenye chumba cha rubani cha Millennium Falcon, kile chombo cha anga cha filamu za Star Wars. Mtoto mdogo akipata hilo, kaka yake mkubwa hana la kumtambia siku hiyo.

Tahadhari moja kwa wenye watoto waoga. Kutokuwa na kimo si kutokuwa na giza. Pirates ina miporomoko miwili midogo gizani, Haunted Mansion ina mizuka, na Mr. Toad's Wild Ride inaishia motoni, kwenye mashetani wadogo wekundu. Anzeni na Dumbo au Casey Jr., mpeni mtoto muda, mtaona wenyewe kama yuko tayari.

Haya, wale wa katikati, watoto wenu wana kati ya 102 na 122. Hapa ninyi mna bahati, kwa sababu Radiator Springs Racers imefunguka kwenu, na huo ni mchezo ambao ningeishauri kila familia iupande angalau mara moja. Eneo lake zima, Cars Land, lililotokana na filamu za Cars, lilifunguliwa 15 Juni 2012, na ndilo lililoiokoa California Adventure. Wamejenga mji mdogo wa barabarani wenye milima ya mawe mekundu nyuma yake. Gari lenu linapita kwanza polepole ndani ya hadithi, halafu linasimama kando ya gari la familia nyingine, mnatazamana, mnapungiana mikono, na ghafla mnashindana kwa kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa. Mshindi hajulikani mapema. Mtoto wa miaka mitano anapiga kelele za furaha, na bibi yake pia, kwa sababu hakuna kupinduka wala kudondoka. Mkiweza, rudini eneo hilo jua linapozama. Taa za rangi za mji mzima zinawashwa kwa wakati mmoja, muziki unapigwa, na watu wanasimama katikati ya barabara kutazama.

Kwa hiyo kwa familia ya katikati mimi naangalia idadi. Kama ni mtoto mmoja, mwenye sentimita 110, jasiri, California Adventure inawatosha na haitawachosha kama Disneyland, maana njia zake ni pana na sehemu za kukaa ni nyingi. Kama ni watoto watatu wa vimo tofauti, Disneyland, bila kusita. Sababu ni wingi wa michezo. Disneyland ina michezo mingi zaidi kwa tofauti kubwa, kwa hiyo mmoja ukiharibika au foleni yake ikifika dakika 90, mnageuka nyuma na kuna mwingine hatua chache. Kule California Adventure, Radiator Springs ikisimama kwa saa mbili, na husimama, umati wote unahamia kwenye michezo michache iliyobaki.

Wenye vijana wakubwa, ninyi sina haja ya kuwashawishi. Incredicoaster inafyatuliwa kutoka kusimama hadi kilomita 89 kwa saa kwa sekunde chache, kisha inapinduka. Mnara wa Guardians unapanda na kushuka bila mpangilio unaotabirika, na muziki unabadilika, kwa hiyo wanaweza kuurudia. Zaidi ya hapo kuna foleni ya mtu mmoja mmoja kwenye Radiator Springs, ambapo kijana anajaza kiti kilichobaki wazi na kwa kawaida anangoja muda mfupi zaidi. Kijana wa miaka 15 hajali kuketi mbali nanyi, niamini.

Wazee je? Disneyland ina gari moshi linaloizunguka bustani nzima, na ina Enchanted Tiki Room ya 1963, ambapo ndege wa mashine wanaimba na ninyi mmeketi kwenye kivuli. Kwa mzee asiyetaka misukosuko, gari moshi peke yake ni mapumziko ya kweli. Tatizo ni njia za zamani, nyembamba, na jioni watu husongamana hasa.

Jioni yenyewe: Disneyland wana fataki, lakini si kila usiku, na upepo wa juu ukiwa mkali zinaahirishwa hata kama mmeshakaa chini mnangoja. California Adventure wana World of Color, chemchemi zinazorushwa kutoka ziwani na picha kumulikwa juu ya pazia la maji, tangu 2010. Mkisimama mbele kabisa mtalowa. Ratiba ya usiku wenu itazameni kwenye tovuti yao kabla ya kuchagua tarehe, na palepale angalieni michezo iliyofungwa kwa matengenezo. Familia ambayo mtoto wake anaota jambo moja tu, na jambo hilo limefungwa wiki hiyo, inaumia bure.

Chakula nitakipita haraka. Ladha na aina, California Adventure inashinda. Pombe inauzwa wazi zaidi huko pia. Disneyland ni katika sehemu chache. Lakini bustani zote mbili zinawaruhusu kuingia na chakula chenu, mradi si vyombo vya glasi wala pombe, na kwenye vibanda vya chakula vinavyouza vinywaji vya bomba mnaweza kuomba glasi ya karatasi ya maji baridi bila malipo. Fanyeni hivyo. Jua la pale mchana si mchezo.

Kitu kimoja ambacho wazazi wengi hawakiulizi, na ni bure: kubadilishana zamu. Mnafika kwenye mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mnamwambia mhudumu. Mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana, na yule wa pili hapangi foleni upya kuanzia mwanzo. Bila hilo, familia yenye mtoto mchanga inapoteza nusu ya siku. Kuhusu Lightning Lane, yaani foleni fupi ya kulipia, kwa siku moja ndani ya Disneyland mimi naona inalipa, kwa sababu michezo inayoingia kwenye mpango huo ni mingi. California Adventure ni michache zaidi, na Radiator Springs inauzwa peke yake. Mkifika kabla mageti hayajafunguliwa na kuiendea hiyo kwanza, mnaweza kuacha pesa zenu mfukoni.

La mwisho, kwa sababu najua mnaniuliza moyoni: si tununue tu tiketi ya bustani zote mbili? Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka sita, siku moja, nawaomba msifanye hivyo. Mtalipa zaidi kwa kila kichwa, mtatoka geti moja, mtavuka, mtapanga foleni ya geti la pili, mtatafuta tena choo kiko wapi, na mtoto atalala kabla hamjapanda chochote. Mkiwa watu wazima na vijana watupu, wenye miguu mizuri, hapo sawa: asubuhi Disneyland kwa Space Mountain na Rise of the Resistance, alasiri mnavuka kwa Cars Land, na mnabaki huko mpaka taa ziwake.

Niandikieni vimo vya watoto wenu na tarehe mnayofikiria kwenda, nitawajibu mmoja mmoja. Kwaherini kwa leo.