Nyota nne kwa HFSP, hela ya mtu anayehama fani

Wadogo zangu wa fizikia pale Mlimani wananiulizia kila mara huu ufadhili wa Human Frontier Science Program (HFSP), kwa hiyo ngoja niandike hapa wasome wote.

Jamaa hawa wako Strasbourg tangu 1989, na fedha zinatoka serikali za nchi wanachama. Kwa waliomaliza uzamivu kuna milango miwili: mmoja wa wanabiolojia wanaotaka kugeukia jambo jipya, mwingine wa sisi wa fizikia, kemia, hisabati na uhandisi tunaotaka kuingia biolojia.

Kwingine anayehama fani huonekana mtu asiyetulia. Hapa ukiomba kuendeleza kile kile ulichofanyia uzamivu ndipo unapokataliwa. Mimi nilisomea leza Ujerumani, seli nilikuwa naziona vitabuni tu. Sasa niko Uholanzi, nashika punje ya plastiki kwa mwali wa leza (ufundi uliompa Arthur Ashkin Nobeli ya 2018) ili nipime protini moja inavuta mzigo kwa nguvu kiasi gani. Leza hainisumbui. Protini ndiyo inayonitoa jasho: ukiitoa kwenye barafu halafu mama akapiga simu, kwisha kazi.

Muda ni miaka mitatu. Posho inafuata gharama za nchi unakofanyia kazi, kuna nyongeza ya watoto, likizo ya uzazi, na fungu la utafiti na safari. Kwa hilo sina neno.

Sasa masharti. Utafiti wa tiba hawaugusi. Sisi tuliokulia kwenye malaria tumezoea kumalizia kila andiko kwa ahadi ya dawa au chanjo, na hapa ahadi hiyo inakuponza. Uliza kitu kinafanyaje kazi, basi. Pia lazima uende nchi nyingine, si ile uliyosomea uzamivu, na uwe na angalau makala moja ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza. Barua ya nia hutumwa Mei. Wanaopita ndio wanaoandika andiko kamili. Mwenyeji, yaani profesa atakayekupokea maabara yake, mtafute mapema, maana maprofesa hawajibu barua pepe kama sisi tunavyojibu WhatsApp.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu hii: Tanzania si mwanachama, Kenya nayo vilevile. Raia wa nchi mwanachama anaweza kwenda na hela hizi maabara ya nchi yoyote, ila sisi lazima twende kwa wanachama. Yaani Mjerumani anaweza kuja nazo Ifakara, Mtanzania hawezi. Kwa ufadhili unaojisifu kuvuka mipaka, jamani!

Kwa asiyetaka kutoka Afrika, Afrika Kusini ni mwanachama. Angalieni maabara za Cape Town kabla hamjaanza kuniulizia bei ya makoti.