Fundi wa Toi anayejua wekundu wa Louboutin

Kama una viatu vya Christian Louboutin, yule mbunifu Mfaransa wa viatu vya soli nyekundu, na soli hizo zimeanza kuchubuka, usivifiche kabatini. Nenda soko la Toi, Nairobi, upande wa Adams Arcade, umtafute fundi mwenye kibanda cha mabati chenye visigino vimetundikwa mlangoni. Vyangu vimetoka kwake na nimeridhika kabisa.

Ni vyeusi vya kung'aa, zawadi ya shangazi yangu anayeishi Paris. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Nikipanda ngazi za jukwaa, wageni wa meza za mbele huona soli kabla ya kuona uso wangu, kwa hiyo soli ni sehemu ya vazi. Lakini soli ile ni ngozi iliyopakwa rangi, na lami ya Nairobi hailei rangi. Pale mbele panapokanyaga, wekundu ulikuwa umeisha, umebaki katikati tu palipoinuka.

Mafundi wengine walitaka kunipakia rangi nyekundu yoyote waliyokuwa nayo. Huyu aliuliza kwanza: "Madam, unataka ipendeze au idumu?" Akanieleza kwamba rangi peke yake itapendeza kwa sherehe chache tu, na raba nyembamba nyekundu ikibandikwa mbele itadumu. Tukakubaliana afanye yote mawili: raba mbele, rangi katikati. Alisugua kwa msasa laini, akafuta kwa spiriti, kisha akachanganya rangi kidogo kidogo akiilinganisha na ile ya asili nje juani, kwa sababu anasema taa ya kibandani hudanganya. Alipaka kwa brashi nyembamba, tabaka likikauka ndipo anaongeza jingine.

Brashi ile ilinifurahisha kwa sababu wekundu wenyewe ulianza hivyo hivyo. Mwaka 1993 Louboutin alikuwa akitengeneza kiatu kilichotokana na picha za maua za msanii wa Marekani Andy Warhol. Kwenye karatasi kilipendeza, lakini cha mfano kilipoletwa kilionekana kimepoa, soli nyeusi imekilemea. Msaidizi wake alikuwa hapo akipaka kucha rangi nyekundu. Louboutin akachukua kile kichupa, akapaka soli. Wekundu viatuni ulikuwepo kabla yake, maana katika kasri la mfalme Louis XIV wa Ufaransa visigino vyekundu vilikuwa alama ya wakubwa, lakini kuushusha chini ya unyayo na kuufanya saini ni kazi yake.

Saini hiyo aliipigania mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa huko New York iliamua kwamba soli nyekundu ni alama yake pale ambapo sehemu ya juu ya kiatu ina rangi tofauti. Kampuni ya mitindo ya Yves Saint Laurent, aliyokuwa ameishtaki, ikaruhusiwa kuuza kiatu chekundu juu hadi chini. Nami naona uamuzi ule ni wa haki, kwa kuwa nguvu yote iko kwenye ile tofauti.

Fundi wetu hakuhitaji jaji kumfundisha. Nikiwa pale, kijana mmoja alileta viatu vyeusi vya kawaida apakiwe soli nyekundu avipige picha za kuviuza. Fundi alivirudisha. "Hilo ni jina la mtu," akasema, akaendelea na vyangu. Kwa hilo peke yake nitamrudia.

Kasoro ipo. Raba imekolea kuliko rangi, na ukikiinua kiatu karibu na macho utaona mstari zinapokutana. Kutoka jukwaani hauonekani. Pia hana haraka hata kidogo, kwa hiyo usimpelekee Ijumaa viatu vya harusi ya Jumamosi.

Nililipa shilingi 2,300 kwa M-Pesa, pamoja na raba mpya za ncha za visigino. Nenda siku yenye jua. Mawingu yakitanda hachanganyi rangi, atakwambia uviache.